Kiganja cha Mzee Luhende

Mwezi uliopita nilivua kofia ya urugaruga, yaani ya uaskari wa mtemi, nikaiacha juu ya meza ya karani. Kesho yake asubuhi vijana wawili wanaoshika lango la mnada wetu wa Lubanda walinifuata nyumbani wakiwa na kisu kimoja na ugomvi mmoja. Wa kwanza alisema kisu kile kinaruhusiwa kuingia mnadani, mwenzake akasema hakiruhusiwi. "Mzee Kulwa," wakaniambia, "wewe umekaa pale langoni tangu vita haijaisha. Tuandikie, tujue." Nikawajibu kuwa mimi niliacha shule darasa la pili. Wakasema hata wao waliishia hapo hapo. Basi tutaelewana.

Habari za vyeo sitaandika. Nilianza rugaruga nikamaliza rugaruga, na mshahara wangu haukupata kuwa na jambo la kusimulia. Nitaandika habari za visu.

Nilizaliwa karibu na Masumbwe, pacha. Mwenzangu Doto alibaki nyumbani akalima, akaoa, akatulia. Mimi nadhani nilipewa miguu ya wote wawili. Nilibeba magunia ya mpunga Kahama, nikachekecha mchanga wa watu Maganzo, nikasukuma toroli kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mahali pote nilikaa mpaka nilipokwisha kuuliza maswali yangu, halafu nikaondoka. Kitu pekee nilichohama nacho ni kisu cha kukunja, chenye mpini wa pembe, nilichonunua Kahama katika duka la Bwana Kanji, Mhindi aliyekuwa amevipanga visu vyake chini ya kioo kama mayai.

Kisu hicho ndicho kilichonifundisha sheria. Pale pale Kahama, kabla sijafika kona ya pili, askari alinisimamisha.

"Cha nini hicho?"

"Cha kumenyea muwa, afande."

"Muwa uko wapi?"

Sikuwa nao. Nikalala ndani. Asubuhi nilipotolewa nilinunua muwa, nikawa natembea nao mjini kutwa nzima, na hakuna aliyeniuliza tena. Hivyo nikajua kwamba Kahama sheria haiulizi kisu kina urefu gani. Inauliza unakibebea nini.

Nilipofika Maganzo nikajitayarisha na muwa wangu. Kumbe kule hawakujali muwa. Walinzi waliupasua mpini wa kisu changu wakitafuta kama nimeficha almasi ndani, wakanirudishia vipande vitatu na samahani moja. Na Geita, kwenye lango la machimbo, hata ukucha mrefu ulitazamwa vibaya. Chochote chenye makali kiliachwa nje, kwa kuwa mwamba wenye dhahabu hukwanguliwa kwa ncha ndogo. Kisu kilikuwa kile kile na mimi nilikuwa yule yule, ila nilikuwa nimehama siku chache za mguu.

Basi niliposikia kuwa huko Lubanda kuna mnada ambako visu hupimwa kwa kiganja cha mkono, sikuweza kukaa. Niliacha toroli la watu njiani, nikaenda kutazama.

Langoni alisimama mzee mrefu, mweusi, aliyevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo. Huyo ndiye Mzee Luhende. Alikuwa mfua majembe kabla mtemi hajamwita kazini, na mikono yake ilibaki ya mfua majembe, mipana kama ungo. Utaratibu ulikuwa huu: unafika, unatoa kisu, yeye analaza bapa lake kwa upana wa kiganja chake, kuanzia chini ya kidole cha mwisho hadi chini ya kidole cha shahada. Kisichozidi kinaingia nawe mnadani. Kinachozidi kinabaki langoni, kimechomekwa kwenye gogo, mpaka utakapotoka.

Mimi nilikuwa nimeshatengeneza mpini upya, nikajiona mjanja. Nilimpa kisu kikiwa kimekunjwa.

"Hiki ni kifupi, baba," nikasema. "Hata nusu ya kiganja hakifiki."

Hakukipokea. Alitazama chini mpaka nilipoelewa kwamba nikiweke ardhini. Akakiokota.

"Kimelala," akasema.

"Ndiyo, kimelala. Kikilala si kisu, ni kijiti tu."

"Na mwizi akilala?"

Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nikafikiri.

"Bado ni mwizi."

"Kiamshe basi."

Nikakifungua. Alikilaza kiganjani mwake, kikaenea na nafasi ikabaki. Akakiweka chini, nami nikakiokota, lakini sikuingia mnadani. Nilisimama pembeni kutwa, nikimwuliza habari za kila kisu kilichopita. Kwa nini kile cha mwenye tumbaku kimebaki? Kwa nini kile cha mchuna ngozi kimeingia? Jua lilipoanza kushuka Mzee Luhende akageuka akaniambia, "Wewe ama ni mpelelezi ama huna kazi. Kama ni mpelelezi, ondoka. Kama huna kazi, chukua fagio."

Nikachukua fagio. Niliyeacha kila mahali baada ya miezi sita, nimekaa hapo mpaka mvi.

Siku yangu ya kwanza ya kazi yenyewe nilikosea jambo ambalo mtoto wa Kisukuma halikosei. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alitoka mnadani akataka kisu chake. Nikakichomoa kwenye gogo nikamnyooshea. Yule mtu akarudi nyuma kama nimemtupia nyoka. Mzee Luhende akaja mbio, akaninyang'anya, akakilaza chini.

"Samahani, ng'wanawane," akamwambia yule mchungaji, kama anayemwita mwanawe. "Huyu ametoka kwenye machimbo. Huko wanapeana vitu kama nyani."

Kisha akanieleza. Kisu hakipewi mkono kwa mkono. Ukimpa mtu kisu mkononi, umempa na ugomvi wake. Unakiweka chini, ardhi inaupokea ugomvi, yeye anaokota chuma kitupu. Nikamwuliza kama ardhi haichoki. Akasema, "Ndiyo maana inapasuka kiangazi." Sijui kama alitania. Lakini kwa miaka yangu yote langoni nimeweka visu chini, na naomba ninyi vijana mfanye hivyo, hata kama mgongo unauma.

Alinifundisha pia kutazama mpini kabla ya kutazama uso. Mpini wa mkata tumbaku ni mweusi. Wa mchuna ngozi unateleza kwa mafuta. Wa mla miwa unanata na nzi wanaufuata. Mpini safi kabisa, wa mtu anayesema ni mkulima, huo uulize maswali. Wako watu wagumu nao. Alikuja kinyozi kutoka Tabora na wembe mrefu kama mwiko, akalia kwamba bila wembe watoto wake hawali. Mzee Luhende akamwambia, "Nionyeshe kiti." Kinyozi alikuwa na kiti, akapita. Wiki iliyofuata alikuja bila kiti, wembe ukabaki. "Wembe wenye kiti ni kazi," alisema. "Wembe usio na kiti unatafuta shingo."

Halafu vita ikaisha na vijana wakarudi kutoka Burma. Kila mmoja alirudi na kisu cha jeshi cha kukunja, kizito, chenye bapa upande mmoja na upande mwingine msumari mnene wa kutobolea. Bwana Kanji wa Kahama naye akapata vya namna hiyo, akavijaza chini ya kioo. Ndani ya mwaka mmoja kila mwanamume barabarani alikuwa na kisu cha Burma, hata asiyejua Burma iko wapi. Mzee Luhende alikaa na kimoja asubuhi nzima, akakifungua na kukifunga. Mwisho akaamua: msumari hauna makali, hauhesabiwi, bapa linapimwa kama mabapa mengine, likiwa macho.

Katika hao wenye visu vya Burma alikuwapo Masanja, mwendesha gari la maksai. Alibeba kuni kupeleka kwenye mitambo ya machimbo, na kila siku ya mnada alipita kwetu. Kisu chake alikitumia kazini. Kamba ya ngozi ya nira ikikaza kwenye shingo ya ng'ombe, alifungua fundo kwa ule msumari. Fundo likikataa alikata. Kilipimwa mara moja na Mzee Luhende, kikapita, na baada ya hapo hakikupimwa tena. Masanja alikuwa akikiinua tu juu ya kichwa, Mzee anatikisa kichwa, gari linapita.

Sasa nafika pale ambapo mimi mwenyewe niliharibu.

Mzee Luhende alipatwa na ugonjwa wa viungo. Ulianza magotini, ukapanda mikononi, vidole vya mikono yote miwili vikajikunja kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe. Siku moja mteja aliweka kisu chini, Mzee akakiokota kwa shida, na alipotaka kukilaza kiganjani, mkono haukufunguka. Alisimama pale akiutazama. Kisha akanitazama mimi. "Lango halitaki mtu asiyeweza kufungua mkono," akasema, akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Nikabaki peke yangu. Na katika mwezi huo huo watu walipigana katika kilabu cha pombe, mmoja akachomwa kisu cha Burma ubavuni. Alipona, lakini barua ilikuja kutoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Karani Petro aliisoma mbele ya watu wote: kuanzia siku hiyo, atakayekutwa ndani ya mnada na kisu kinachozidi kipimo cha mtemi atafungwa miezi sita, bila kuonywa kwanza.

Siku ya mnada nilijifunga mkanda mpaka tundu la mwisho. Nilipima kila kisu kwa kiganja changu. Gogo lilijaa mapema, nikaleta la pili. Wazee walinung'unika, wengine wakasema, "Kisu hiki kimepita hapa kabla wewe hujajua njia." Mimi nikajiambia kwamba sasa ndipo kazi inafanywa sawasawa. Naona haya kuandika neno hili, lakini nilifurahi.

Mchana nikamkuta Masanja ndani, nyuma ya zizi. Alikuwa ameingia na maksai kwa njia ya ng'ombe, kando ya lango, kama kawaida yake, na maksai mmoja alikuwa amenaswa na kamba shingoni. Kisu chake kilikuwa wazi mkononi.

"Kiweke chini," nikamwambia.

"Ngoja nimalize, Kulwa. Anakabwa huyu."

Alimaliza, akakiweka chini. Nikakiokota, nikakilaza kiganjani. Ncha ilitokeza upande wa pili, upana wa nusu ya ukucha.

"Kimezidi."

Masanja alicheka. "Kimekua tangu wiki iliyopita? Nimekilisha nini?"

"Nimekipima. Kimezidi. Barua umeisikia."

Alinitazama mpaka kicheko kikamwisha. Nikamshika mkono nikampeleka mahabusu. Baraza lilikuwa kesho kutwa.

Jioni ile mkewe, Mama Shija, alinijia. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mlango wangu akanisalimu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonichoma.

"Wewe, baba, mvua unaiona iko wapi?" akaniuliza.

"Imekaribia, mayu," nikajibu, kama ninavyomwita mama yangu.

"Na wale maksai hawamsikii mtu mwingine. Mimi mwenyewe nikiwashika wanakaa chini. Akifungwa miezi sita, atatoka wenzetu wanavuna. Sisi tutavuna nini, kile kisu?"

Nikamwambia sheria ni sheria. Alisema, "Sawa," akaondoka.

Usiku huo sikupata usingizi vizuri, na alfajiri nikaenda kwa Mzee Luhende, mwendo wa saa mbili. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Alikuwa amekaa juani, blanketi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lango langu vipi?"

Nikamsimulia yote. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwa Masanja akayafumbua.

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa kiganja."

"Cha nani?"

Nikainua mkono wangu nikautazama. Akatoa mkono wake chini ya blanketi, umekunjwa vile vile, akauweka juu ya wangu. Hata ukiwa ngumi uliufunika.

"Mtemi alipoweka sheria ile," akasema, "alisimama pale langoni akauinua mkono wangu mbele ya watu. Akasema: mmeuona? Basi hiki ndicho kipimo. Hakusema mkono wa rugaruga, wala mkono wa kila atakayevaa kofia. Wewe umemfunga mtu kwa mkono wa nani, Kulwa?"

Ninyi mtashangaa sikulijua hilo. Nami nimejishangaa miaka mingi. Mtu niliyeuliza kila kitu, kwa nini muwa, kwa nini kiti, kwa nini ardhi, sikuuliza swali dogo kuliko yote.

Nilirudi mbio kumweleza Karani Petro. Alikuwa kijana wa misheni, msafi, mwandiko wake kama wa mashine. Yeye ndiye aliyenifundisha baadaye kuandika barua. Lakini asubuhi ile alinikatia maneno.

"Umeshaandikwa kuwa shahidi. Ukigeuza maneno barazani, wewe ndiye utakayeulizwa. Watu wengine wamelala mahabusu kwa kushika mtu bure."

"Nimeshalala Kahama kwa ajili ya muwa," nikamjibu. "Nimezoea."

Nilisema hivyo kwa mdomo tu.

Siku ya baraza watu walijaa. Mtemi alikaa kwenye kiti chake, wazee kando. Masanja alisimamishwa mbele, Mama Shija amekaa chini pamoja na wanawake. Karani akasoma shtaka, akaniita.

"Ulikipima kisu hiki?" mtemi akaniuliza.

"Nilikipima, mtemi."

"Kilizidi kiganja?"

"Kilizidi."

Mtemi akageuka kwa wazee. Niliona mdomo wake unaanza kutoa neno, na neno hilo likitoka halirudi. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mtemi, kiganja kilikuwa changu!"

Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kile cha panya!"

"Eleza," mtemi akasema. Hakucheka.

Nikaeleza. Karani Petro akasimama. "Barua inasema kipimo cha mtemi, na kitabu kinasema kiganja. Hakuna palipoandikwa cha nani. Kiganja ni kiganja."

"Hakukuandikwa kwa sababu wakati ule hukuwapo wewe," mtemi akamwambia. "Mimi nilisema kwa mdomo. Nilisema cha Luhende."

"Basi kipimwe kwa cha Luhende," karani akasema, "nami nitaandika kitakachoonekana. Kikizidi, ni miezi sita. Siwezi kuandika kwamba tulikumbuka."

Nitamtetea karani hapa: alisema kweli. Mtemi akakubali. Lakini Mzee Luhende hawezi kutembea, na machela hakuna. Tukatazamana. Ndipo Mama Shija akasema kutoka pale alipokaa, kama anayezungumza na magoti yake, "Gari lipo. Maksai wapo. Mwenye kuwaendesha ndiye mmemfunga."

Hata mtemi alicheka hapo. Akaamuru Masanja afunguliwe, afunge nira, aende kuuleta mkono utakaomhukumu. Na mimi niende naye nimlinde asitoroke. Mimi, nilivyo mwembamba, na yeye aliyezoea kuinua magogo.

Njia nzima Masanja hakusema nami neno. Alisema na maksai.

"Subira, unamwona mtu aliyekaa nyuma? Mtazame mkono. Ukimpa karanga anazishika kwa mikono miwili."

Ng'ombe akatikisa sikio.

"Majaliwa nawe, usicheke. Ukicheka atakupima pembe. Zikizidi, miezi sita."

Nilivumilia. Tulipokaribia nyumba ya Mzee nikasema, "Masanja, nimekosa."

"Mwambie Subira," akasema. "Ndiye aliyekuwa anakabwa."

Nikamwambia Subira. Sijawahi kumwomba ng'ombe radhi kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Tulimpandisha Mzee Luhende garini, juu ya majani makavu, tukarudi. Tulipofika barazani tatizo likawa lile lile: mkono haukufunguka. Mzee alijaribu, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Vidole vilitetemeka, vikabaki vimekunjwa. Mtu mmoja akapendekeza kisu kipimwe hivyo hivyo. Karani akatikisa kichwa. Ngumi si kiganja.

Mama Shija akainuka bila kuambiwa. Akaomba samli, akaipasha moto kwenye kigae, akapiga magoti mbele ya Mzee. Mimi nilishika kifundo cha mkono. Akaanza kukanda, taratibu, kutoka kwenye kifundo kuelekea kwenye vidole. Hakuvuta. Kila mtu aliona kwamba mwanamke yule ana kila sababu ya kuvuta, na hakuvuta hata mara moja.

"Ukiumia niambie, baba," akasema.

"Naumia," Mzee akasema. "Endelea."

Kidole cha mwisho kilinyooka kwanza. Kisha cha pili yake. Nilihisi mshipa wa Mzee unapiga chini ya dole gumba langu, na nikakumbuka nilivyojifunga ule mkanda. Cha shahada kilikataa muda mrefu, halafu kikaachia, na kiganja kikakaa wazi, kikimeta kwa samli, kipana vile vile kama siku aliponiambia nichukue fagio.

Karani alikuwa amekinyoosha kisu kumpa mtemi. Mtemi akatazama chini. Karani akaelewa, akakiweka ardhini. Mtemi mwenyewe akainama akakiokota, akakifungua, akakilaza.

Kilienea. Kati ya ncha na ukingo wa kiganja ilibaki nafasi ya punje moja ya mtama.

"Andika," mtemi akamwambia karani. "Andika na hiyo punje."

Watu walipiga makofi. Masanja hakuruka wala kupiga kelele. Alikwenda kuwaangalia maksai wake, nadhani ili tusimwone uso. Mama Shija aliendelea kuushika ule mkono, akiufuta kwa kanga yake.

Kisha mtemi akasema sheria haiwezi kukaa katika mkono unaouma. Kikaletwa kipande cha ubao wa mninga. Mzee Luhende akalaza kiganja chake juu yake, na Masanja akaitwa aweke alama mbili kwa kisu chake mwenyewe, moja huku na moja huku. Alichonga kwa uangalifu, bila kumgusa ngozi. Alipomaliza, Mzee Luhende alitazama zile alama, akashusha pumzi.

"Sasa naweza kufunga mkono," akasema.

Aliishi miaka mingine miwili. Nilikuwa nikienda kumpelekea habari za lango, naye ananiuliza maswali, zamu yake. Masanja alilima mwaka ule, na mahindi ya kwanza aliyoleta mnadani alinipa gunia dogo, akisema limetoka kwa Subira. Nami sikufukuzwa. Mtemi alisema rugaruga aliyekwisha kukosea ni bora kuliko mpya ambaye bado hajakosea.

Ubao ule ndio huo mnaoujua, uliopigiliwa langoni kwenye nguzo ya kushoto, umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono. Basi turudi kwenye ugomvi wenu. Nimekiangalia kisu mlichoniletea. Mmoja wenu alikipima kwa ubao. Mwenzake alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi, akakipima kwa mkono wake. Simtaji jina, anajijua, na mkono wake ni mdogo kama wangu. Kisu hicho kinaingia. Mkakiweke chini mbele ya mwenyewe, mumwombe radhi, na kama ana ng'ombe, mwombeni na huyo.

Jioni ya siku yangu ya mwisho, watu walipokwisha kutoka na gogo likawa tupu, nilikwenda kwenye ile nguzo nikalaza kiganja changu juu ya ubao, kama nilivyokuwa nikifanya kila mwaka. Nimefanya kazi, nimezeeka, mikono imevimba na kukomaa. Bado hakikufika alama ya pili.